Mlango Ulionyooshwa

Hamjambo wenzangu. Tulieni kidogo, na wewe wa redio, punguza sauti.

Lori lilibonyeza mlango wa gari la Siwema, muuza maandazi wa Morogoro. Akadai bima wamnunulie mpya. Meneja wao, Bwana Kilembe, akaamuru ule ule unyooshwe. Ukanyooshwa, lakini mvua ikawa inapenya, maandazi yanalowa, wateja wanamkimbia.

Siwema akamfuata ofisini.

"Bosi, mlango ulionyooshwa ni sawa na mpya?"

"Mama, hauna tofauti hata chembe."

"Hata wewe ungeutumia?"

"Bila wasiwasi."

"Basi niandikie, nikamsomee mume wangu. Mbishi yule."

Kilembe akacheka, akaandika, akagonga muhuri.

Alipotoka jioni, alimkuta fundi anang'oa mlango wa gari lake, gari la aina moja na la Siwema. Mlango ulionyooshwa umeegemezwa pembeni.

"Unafanya nini wewe?"

"Tunabadilishana, bosi," Siwema akasema, karatasi mkononi. "Si hauna tofauti?"

Kilembe akautazama ule mlango, akatazama mawingu.

"Mwambie aache. Kesho utapata mpya."

"Fundi, endelea."

Kilembe akaandika kibali cha mlango mpya hapo hapo, juu ya boneti.

Haya, nawaacha. Maharage yangu yako jikoni. Yakiiva nitarudi tukae.