Kwa Nini Mtumbwi wa Joka Hulala Matopeni

Kwaa! Mlio ulitoka upande wa ukumbi wa ukoo, usiku wa manane, mkavu, na Saulin akaketi kitandani ghafla, mwanawe mchanga Ngan kifuani, akangoja, ukalia tena, kwaa, akajua ni mtumbwi.

Enzi hizo mji mkubwa wa Guangzhou ulikuwa haujakifikia kijiji cha Lamtong, na mitumbwi ya joka, ile mirefu inayovishwa kichwa cha joka, haikulala matopeni hata kidogo. Ililala juu, imening'inizwa chini ya paa la ukumbi, imefunikwa mikeka, mikavu, mwaka mzima, mpaka sikukuu ya mwezi wa tano, ambapo kila kijiji kilishusha wa kwake mtoni kushindana kwa ngoma na makasia. Kuuweka mkavu ndiko kuliitwa kuuheshimu. Lakini mbao zilikauka, zikapasuka, na ilitokea mtumbwi ukafunguka katikati ya mto, na wanaume hawakurudi wote.

Mume wa Saulin, Hingfai, alikuwa mpiga kasia wa mbele. Asubuhi Saulin akamwambia, haraka haraka, hata hajavuta pumzi, "Baba Ngan, usiende mwaka huu, nimeusikia unapasuka, nimeusikia mara mbili, mtoto bado hajakujua hata sura."

Hingfai akacheka. "Joka linajinyoosha mgongo, mke wangu. Nawe ungelala mwaka mzima ungejinyoosha."

Saulin akamfuata Dukwai, mshika usukani. Huyo naye akamtazama mtoto mgongoni mwa mama yake akasema, "Shemeji, basi tuazime beseni la kumwogeshea huyo, tukashindane nalo?" Wanaume wote wakaangua kicheko. Wakaziba ufa kwa chokaa na mafuta, wakaushusha mtumbwi katika bwawa la kijiji jioni ya kuamkia sikukuu, wakaufunga kwa kamba, wakaenda kulala.

Saulin hakulala. Aliogopa giza, aliogopa maji, aliogopa zaidi kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kuugusa mtumbwi ule, sembuse aliyetoka kujifungua. Hata hivyo alichukua kapu la kuzolea matope ya bwawa, yale ambayo watu wa huko huyatia kama mbolea kwenye miforosadi, miti ya kulishia viwavi vya hariri, akaanza kuyamwaga ndani ya mtumbwi. Kapu moja, jingine, jingine. Hakuwa na hekima yoyote kichwani. Alitaka uzame tu, asubuhi isiwepo safari.

"Mama Ngan! Unapanda miforosadi ndani ya joka?"

Alikuwa mama mkwe wake, amesimama ukingoni na kapu lake mkononi. Maneno yakamtoka Saulin yote kwa pamoja, nisamehe mama, nifukuze ukitaka, lakini haendi, sikubali, haendi.

"Baba yake Hingfai aliletwa nyumbani maiti, amelazwa juu ya mlango," mama mkwe akasema. "Nami niliambiwa hivyo hivyo, joka linajinyoosha. Sogea huko, unamwaga upande mmoja, utapinduka."

Wakafungua kamba, wakajaza wote wawili, mpaka mtumbwi ukashuka taratibu, ukakaa kwenye tope la chini, nalo likaumeza. Wakanawa mikono. Wakarudi nyumbani.

Siku ya sikukuu wanaume waliutafuta mtumbwi wasiuone, na Lamtong ilikuwa na kichwa cha joka kilichobaki ukumbini na ngoma isiyo na pa kuwekwa. Vijiji vingine vilipita mtoni vikipiga kelele, "Enyi Lamtong, joka lenu limeolewa wapi?" Hingfai alikula wali wake uliofungwa kwenye majani akiwa amenuna, nchi kavu, mzima. Saulin akamtazama akila mpaka akamaliza.

Mwaka uliofuata, kabla ya sikukuu, wanaume walikausha bwawa ili wavue samaki, wakaona mgongo mweusi kwenye tope. Wakauchimbua kwa mikono, kimya, wanaogopa hata kukohoa. Mbao zilikuwa zimeshiba unyevu, zimebanana, ule ufa haukuonekana. Dukwai akasema joka lilikuwa limechoka kuning'inia, likashuka lenyewe kujitibu, na kila mtu akaafiki.

Hingfai alipochukua kasia, Saulin akasimama mbele yake. "Ujazeni maji kwanza. Ukivuja hata tone, mume wangu haingii." Wakanung'unika, lakini hakusogea, wakaujaza. Halikutoka tone. Akaketi ukingoni na Ngan, na jioni Hingfai akarudi, kalowa, ana njaa, sauti imemkauka kwa kupiga kelele.

Ndiyo maana mitumbwi ya Lamtong hulala chini. Mji umekuja ukakizunguka kijiji, maghorofa yamesimama pande zote za bwawa, treni hupita chini ya ardhi, lakini kila mwezi wa nne wanaume huvua viatu, huingia topeni, huchimbua kwa mikono, na fataki hulipuka joka linapotokeza mgongo. Sikukuu ikiisha hulizika tena. Wao husema joka lenyewe ndilo lilichagua, na wake zao hawawabishii. Ila mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe humketisha, hufunga mlango, humsimulia ya kapu na ya Saulin, na yule mzazi mchanga hujibu, huku amemkumbatia mwanawe, "Nimesikia, mama. Mwingine simwambii."