Daktari wa Meno na Amri ya Kuacha

Wapendwa, palikuwa na daktari wa meno mmoja ambaye Jumamosi hakushika koleo bali bastola. Msishtuke. Hakuwa jambazi wala mwindaji. Alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, yenye uwanja wake nje ya mji, nyuma ya machimbo ya kokoto, na kibali chake kilikuwa na mihuri mingi kuliko cheti chake cha ndoa. Wengine hucheza bao, wengine gofu. Yeye alitoboa karatasi, na alizitoboa vizuri. Mkono uliozoea kutafuta mzizi wa gego hauwezi kutetemekea karatasi.

Kozi ya kwanza alishafaulu, na ya pili pia. Alichokitamani hata usingizini ni ile ya tatu, inayompa mtu fulana nyekundu na mamlaka ya kusimamia wenzake uwanjani. Alikuwa ameijaribu mara mbili, na mara zote mbili mkufunzi, mama mmoja askari mstaafu, alimwangusha. Kwa shabaha? Hata kidogo. Kwa kuacha.

Pale uwanjani ipo amri ambayo hata mgeni aliyekuja kutazama anaruhusiwa kuitoa: "Acha." Ikitamkwa, kidole kinatoka kwenye kifyatulio, risasi zinatolewa, silaha inalazwa mezani. Daktari wetu aliijua amri hiyo, na kwenye mtihani wa kuandika aliieleza kwa ufasaha wa kutia wivu. Ila alikuwa na kaugonjwa. Amri ikimkuta ameshalenga, aliimalizia ile moja iliyobaki, ndipo akaacha. Risasi safi, katikati kabisa. Wenzake walicheka na kumpigia makofi.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa mkandarasi mwenye tumbo na maneno. Daktari ndiye aliyemvuta kwenye klabu, na walikuwa hawaachani.

"Shemeji," mkandarasi alimwambia daktari siku moja, "wewe hata malaika akija kukuchukua utamwomba asubiri umalizie mfupa."

"Mimi jino siling'oi nusu, shemeji."

Mkufunzi hakucheka. "Daktari," alisema, "kupiga unajua kuliko mimi. Ninachokufundisha ni kuacha, na hicho hukitaki."

Daktari akakata rufaa. Kamati ya klabu ilikaa, ikanywa chai, ikazipitia kanuni mstari kwa mstari, ikagundua kwamba fomu ya tathmini ina safu ya matundu yaliyoingia katikati, safu ya usafi wa silaha, na hata safu ya unadhifu wa mavazi. Safu ya kuacha haikuwamo. Jambo lisilo na safu, kamati ikaamua, haliwezi kumwangusha mwanachama hai. Fulana ikatolewa. Mkufunzi akajiuzulu, na kamati, kwa moyo wa shukrani, ikamkatia keki.

Ni nani kati yetu, wapendwa, ambaye hajawahi kukaa kwenye kamati hiyo?

Jumamosi ya kwanza ya kusimamia, daktari alisimama nyuma ya wanafunzi wake kama bwana harusi. Miongoni mwao alikuwa shemeji yake, na pembeni ya shemeji, dada mmoja wa benki, mwanafunzi mwenye bidii aliyemtazama daktari kila wiki na kuiga hata namna alivyoweka miguu. Walipiga. Daktari akatoa amri, kwa sauti ya wazi ambayo hakuna aliyeweza kusema hakuisikia: "Acha."

Shemeji aliitii. Alilaza bastola mezani na, kwa ile haraka yake ya kutaka kuona karatasi na kutamba, akavuka mstari wa kupigia kabla hajaruhusiwa. Kwa nini asivuke? Amri ilishatoka, na aliyeitoa alikuwa mtu wake.

Dada wa benki alikuwa amebakiwa na moja.

Daktari alipiga magoti kwenye vumbi la kokoto, akakandamiza kifua cha shemeji yake kwa mikono yote miwili, mpaka hapakuwa tena na sababu ya kukandamiza. Nyuma yake dada alikuwa bado amesimama palepale.

"Ilikuwa ya mwisho, mwalimu," alisema. "Si hata wewe huwa unaimalizia?"

Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anauliza, kama mwanafunzi anavyouliza.

Ilikuja tume. Ikakagua vyeti, ikavikuta vyote halali, ikapendekeza fomu iongezwe safu. Daktari alirudi nyumbani kumweleza mke wake ni nani asiyekuja tena kula kwao, na ni kwa mafunzo ya nani.

Mngependa niwaambie kwamba daktari alipona. Hajapona. Anaendelea kung'oa meno. Mkewe humwekea chakula, kisha huenda kukaa jikoni mpaka amalize. Ameomba msamaha kwa Mungu na kwa watu, na huenda amesamehewa, lakini kiti cha shemeji bado ni kitupu.

Na sisi? Hakuna aliyeingia humu leo bila kuisikia amri. Ameisikia mwenye nyumba ndogo, akasema nikishalipa kodi ya mwezi huu. Ameisikia anayempiga mkewe, anayeila mirathi ya yatima, anayekunywa ada ya mwanawe. Hatubishi, tunaitikia amina kwa sauti nzuri. Ila kila mmoja wetu ana moja iliyobaki, na tunajiambia kwamba inakwenda kwenye karatasi tu. Watoto wetu hawazifuati sauti zetu, wapendwa. Wanaitazama mikono.

Sina neno tamu la kuwafungia. Yupo mtu ambaye sasa hivi amekupa mgongo na anatembea mbele yako bila hofu, kwa kuwa alikusikia ukisema umeacha. Unamjua ni nani. Kidole chako kiko wapi?