Wembe wa Mtoto wa Nakijwa

Sogeeni, wakubwa kwa watoto. Nina kesi imenikwama kooni, na peke yangu sitaimeza.

Palikuwa na wakemia watatu katika maabara ya Baraza la Usalama wa Dawa. Kokugonza alikuwa na mkono: kitu hata kikizama kwenye asali, alikitoa kikiwa safi. Lusajo alikuwa na sikio: ile sumaku kubwa ya kupimia molekuli ilimnong'oneza kama jirani mmbeya. Shemweta alikuwa na jicho la ndani: alikaa na kompyuta yake akaona elektroni zinakopita, mahali ambapo jicho la mtu halijawahi kufika.

Mwenyekiti wa Baraza, yeye, alikuwa na muhuri.

Sasa, Bi Nakijwa alikuwa akiuza dawa ya kifua, gome la mti na asali. Baraza likapima uzani wa molekuli yake, likakuta unalingana na wa sumu moja inayojulikana. Basi. Mama wa watu, mimba kubwa, akatupwa rumande. Hakuna aliyekufa, hakuna hata aliyeumwa tumbo. "Uzani ni uzani," alisema Mwenyekiti. Kwa hesabu hiyo, mimi na gunia la mkaa ni ndugu!

Alijifungulia hukohuko, mtoto wa kike.

Wale watatu hawakulala na jambo hilo. Sumu ile ni pete ya atomu yenye mkono unaoning'inia nje kama mkia. Je, kama ya Nakijwa ina atomu zilezile, ila mkono umepinda juu ya pete na kushika pande zote mbili, kama mpini wa kikapu? Uzani mmoja, kitu kingine kabisa.

Kokugonza akachukua chupa ya mwisho ya dawa ile. Utaratibu ulimtaka achemshe. Akagoma. Akachuja kwa ubaridi, tone kwa tone, mpaka akabakiwa na unga mweupe usiojaa hata ukucha.

Lusajo akautia unga kwenye sumaku. Humo kila haidrojeni hujibu kwa kilele chake, mahali pake kwenye chati. Kwa amri ya Baraza, chati zote hukatwa kwenye sifuri. Kilicho chini ya sifuri ni uchafu, waraka umeshasema. Lusajo akaifungua chati kuvuka sifuri. Huko chini kulikuwa na kilele kimejikunyata.

"Grisi ya vifaa hiyo," Mwenyekiti alicheka mbele ya hakimu. "Nawa mikono, kijana."

Shemweta ndiye aliyesimama kujibu. Sumaku, alieleza, huzilazimisha elektroni za pete kukimbia mzunguko, na mkondo huo huzaa usumaku wake mdogo. Haidrojeni iliyo kando, nje ya pete, huongezewa nguvu, kilele chake kikasogea kushoto. Iliyokaa juu ya pete hupunguziwa, kilele kikasukumwa kulia, namba zinakoshukia, hata chini ya sifuri. Alikuwa amepiga hesabu ya mikondo kwa umbo la mkia: chini ya sifuri hapakuwa na kitu. Akapiga kwa umbo la mpini: kilele kikaangukia palepale alipokiona Lusajo.

"Grisi gani hii, Mheshimiwa, inayojua kukaa juu ya pete?"

Hakimu akamwachia Nakijwa siku hiyohiyo. Baraza likatangaza kwamba limeondoa mashtaka kwa huruma. Huruma! Mtu hajakosa, anahurumiwa nini?

Kwao Nakijwa, mtoto hupewa somo mmoja tu: ndiye ampaye jina lake, ndiye amnyoaye nywele za kwanza, na mtoto humhesabu mzazi mpaka uzeeni. Nakijwa aliapa rumande kwamba somo wa binti yake atakuwa yule atakayewatoa. Akaja maabara, mtoto mgongoni, wembe mpya kwenye pindo la kanga.

"Ni nani kati yenu?"

Mwenyekiti akawahi. "Mama, sumaku ni ya Baraza. Bila sumaku, elektroni zingekimbia mzunguko gani?"

"Na rumande mlinipeleka ninyi. Basi nimwite mwanangu Rumande?"

Mwenyekiti akakumbuka ana kikao.

"Dada," alisema Kokugonza, "ningechemsha, mpini ungekatika ukawa mkia. Hawa wangeisoma sumu yenyewe, niliyoitengeneza mimi."

"Nami ningetii waraka, kilele kingeliwa na mkasi," alisema Lusajo. "Na jina langu halina suruali wala sketi, mpe tu."

"Kilele mlikuwa nacho," Shemweta akafoka, "na bado mkaambiwa mnawe mikono! Nani aliwafuta hiyo grisi?"

Watu waliokula sahani moja miaka yote, leo wananuniana. Zahanati bado wanaandika "mtoto wa Nakijwa", na nywele zimeanza kumfunika masikio.

Wembe Nakijwa ameuacha kwangu, huu hapa. Wewe uliyenyamaza muda wote huu: ungemkabidhi nani?