Blanketi la Pipa la Nakijwa

Lishe ya mizizi hulala gizani. Mliisikia methali hii jana, mama yenu alipomkanya Elinami kwa kutangaza njia nzima kwamba ndiye aliyemtekea maji jirani mgonjwa, nanyi mmenijia kuuliza imetoka wapi. Msidhani ni ya mababu. Ilizaliwa mwaka 2014, katika kiangazi kilichofuata masika haba, hapa hapa Upare, nami nilikuwapo. Ketini wima mnisikilize.

Marehemu baba yake Nakijwa alimwachia binti yake mwamba. Simaanishi shamba lenye mawe. Namaanisha mwamba mtupu, ambao mbuzi hupita juu yake bila kuinamisha kichwa. Wazee wa ukoo walitaka upasuliwe kokoto. Nakijwa, aliyekuwa amejifunza kilimo kisichotumia udongo, aliomba aoteshe nyanya juu yake. Wazee walicheka, kisha wakampa mavuno mamoja: yakifanikiwa, mwamba ni wake daima, yakishindikana, nyundo zitaingia.

Akajenga kitalu nyumba juu ya mwamba huo. Ndani yake alipanga mifuko iliyojaa makumbi ya nazi yaliyosagwa, na katika kila mfuko mche mmoja. Pembeni aliinua jukwaani pipa kubwa jeupe la plastiki, akalivika blanketi jeusi. Humo aliyeyusha mbolea katika maji, na maji hayo yakashuka kwa mipira myembamba hadi kwenye kila mche, yakitoka katika kijitundu kidogo kama cha sindano, tone baada ya tone.

Miche ilikua hata ikatupita kimo. Watu wazima waliingia kitaluni wakasahau kusalimu. Mimi mwenyewe niliinama, nikatia kidole katika makumbi nikitafuta udongo, nisiupate. Nikasimama nikiwa nimeishiwa maneno, jambo ambalo mnajua hunitokea kwa nadra.

Senkondo, baba mdogo wa Nakijwa, ndiye pekee ambaye hakuridhika. Kila alipopita alidai kwamba chini ya lile blanketi umefichwa udongo. “Bibi arusi asiyefunuliwa ushungi,” alisema, “huenda hana meno.” Watu walicheka, na kicheko hicho kilimchoma Nakijwa. Siku moja, mbele ya wageni, akalivua pipa blanketi lake. Jua likapenya plastiki, maji yakang’aa, wageni wakapiga makofi. Tangu hapo hakulifunika tena, kwa maana kila aliyefika alitaka kuona, naye alikuwa ameanza kupenda kutazamwa.

Haukupita muda mrefu, maji yakaingia ukijani hafifu. Nakijwa aliuona, akajiambia kwamba atashughulika nao wageni wakipungua. Kisha majani ya mstari wa mwisho yakalegea, na ya mstari wa jirani yakafuata. Nyanya ndiyo kwanza zilikuwa zikianza kuiva. Alipoinua mpira akatazama kijitundu, hapakuwa na tone. Akaukata mpira ule, na ndani yake mlikuwa mmejaa utando wa kijani, unaoteleza kama ute wa bamia.

Senkondo alimkuta ameketi mwambani, mpira mkononi.

“Blanketi lilikuwa la nini?” akamwuliza.

“La kuzuia jua, Baba mdogo. Maji yenye mbolea yakipigwa na jua huota utando huu.”

“Kumbe ulijua.”

“Nilijua.”

“Ukaona macho yetu yana njaa kuliko mizizi yako.”

Mzee aliitazama miche iliyoinamisha vichwa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Kinahitajika nini?”

“Maji. Pipa lioshwe, na mipira isukumwe kwa maji safi hadi utando wote utoke. Nayo zamu yangu ya ndiva imepita.”

Ndiva, kama mjuavyo, ni bwawa letu la pamoja. Kila nyumba ina asubuhi yake ya kulifungua, na wakati wa kiangazi mtu yu radhi akupe mbuzi kuliko kukupa zamu. Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya Senkondo, na maharage yake yalikuwa katika maua.

“Chukua yangu,” alisema. “Maharage yangu hayana wageni wa kuwaonea haya.”

Kulipokucha, maji yakaelekezwa mwambani. Tulilisugua pipa, tukazibua miisho ya mipira, na utando ukatoka kwa vipande virefu mfano wa nyoka. Nakijwa alivichomoa vidomo vya mipira vyenye vijitundu, akavisugua kimoja kimoja kwa mswaki, akafunga kitambaa cha kuchujia mahali maji yanapotokea, akachanganya mbolea upya. Kisha akalivika pipa blanketi, akalikaza kwa kamba, akafungua bomba.

Palikuwa kimya. Likaanguka tone moja, na jingine mbali nalo, kisha kitalu chote kikajaa mlio mwembamba: mamia ya matone tusiyoyaona yakizungumza na mizizi tusiyoiona. Nimesikia mvua za kila namna katika maisha yangu. Sijapata kusikia mvua ndogo kama ile, wala kubwa kama ile. Senkondo alivua kofia yake, akaishika kifuani.

Jioni majani yaliinuka. Wageni walipofika tena wakitaka kuyaona maji, aliyewazuia mlangoni alikuwa Senkondo yule yule. “Lishe ya mizizi hulala gizani,” aliwaambia. “Tazameni nyanya.”

Nyanya zilivunwa, na mwamba ni wa Nakijwa hadi leo. Lakini kabla ya mavuno hayo lilitokea jambo moja, nalo ndilo lililoifanya kauli ile kuwa methali. Maharage ya Senkondo, kwa kukosa maji, yalianza kupukutisha maua, naye hakumlalamikia mtu. Zamu ya Nakijwa ilipowadia, aliondoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Mimi nilimwona kwa kuwa nilikuwa nikienda kukama. Aliifungua ndiva, akayaelekeza maji yote katika shamba la baba yake mdogo, akasimama na jembe hadi tuta la mwisho likalowa. Kisha akarudi kwake bila kumwambia mtu, nami nikanyamaza.

Senkondo alipoamka alikuta maharage yake yameshiba maji, na nyayo mbichi zikielekea mwambani. Wapita njia wakamwuliza ni nani aliyemnyweshea shamba.

Mzee alizitazama zile nyayo, kisha akazifuta kwa mguu wake, taratibu. “Lishe ya mizizi,” akawajibu, “hulala gizani.”