Bustani ya Kiunoni

Pu! Sauti moja tu usiku, kisha kimya. Kulipokucha, bustani ya Bibi Nanzia, iliyokuwa imeng'ang'ania ubavu wa mlima kule Upare, ilikuwa imeteremka bondeni na mchicha wake wote.

Bibi hakulia. "Magoti yangu hayainami tena," alisema. "Hata mkinipa shamba jingine, nitalilima kwa macho?"

Kisha akawaahidi wajukuu wake watatu: atakayemrudishia bustani, mtoto wake wa kwanza atapewa jina la binti yake Bibi, aliyefariki angali msichana. Tangu mazishi Bibi hakulitamka jina hilo, na kwao jina la marehemu halirithiwi mpaka mama mfiwa alitamke mwenyewe. Wajukuu hawakuwahi kulisikia.

Mbonea alijaliwa macho: mahali ulipoona takataka, yeye aliona kitu. Tumsifu alijaliwa mgongo, mizigo ilimzoea. Nakijwa alijaliwa mikono. Watu walisema angepanda hata fimbo ya kuchungia, ingechanua.

Mbonea akaokota mlango wa nyumba iliyobomoka, mabati yenye kutu na vipande vya mikaratusi. "Simama hapa, Bibi, nikupime."

"Unanipimia jeneza?"

"Nakupimia mchicha." Akaunda sanduku refu, kimo chake kiuno cha Bibi.

Tumsifu akashuka bondeni, akaupandisha udongo uleule uliokimbia, kikapu baada ya kikapu, akauchanganya na samadi ya mbuzi. Akajaza sanduku mpaka juu, akajipangusa jasho, akaanza kuimba.

Nakijwa akachomeka kidole udongoni. "Kaka, toa wote."

"Wote? Wewe mchawi?"

"Maji yatapita kama kwenye chujio. Chini panataka vigogo vya mgomba, vinywe maji, viyatunze."

Tumsifu akanung'unika, akatoa. Nakijwa akalaza vigogo, akatandika majani makavu, udongo ukarudi, akapanda mbegu kwa ncha za vidole, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Likaja jua kali. Bustani za majirani zikakauka; ile ikabaki kijani, kana kwamba inaota mvua peke yake.

Asubuhi moja, ukungu ukitambaa juu ya mabati, Bibi alisimama wima mbele ya bustani, akazamisha mikono udongoni, akafumba macho. Watatu wale hawakuweza kungoja.

"Bila kuta zangu," alisema Mbonea, "udongo ungerudi bondeni."

"Bila udongo wangu," alisema Tumsifu, "ungebaki na sanduku la upepo."

"Na bila vigogo vyangu," alisema Nakijwa, "mngevuna vumbi, wote wawili."

Wote wamesema kweli, na jina ni moja. Je, wewe unayesikiliza, ungemrithisha nani? Amua upesi, maana Bibi amefumbua macho, na jina lililofungiwa kimya miaka yote linatoka kwa pumzi moja:

"Namkunda."