Mkeka Uliojua Ukoo

Kaeni niwape ngano. Yenye utamu mezeni, yenye uchungu mezeni vilevile.

Palikuwa na mkeka wa ukoo, ambamo kila mtoto alishonewa ukili wake, utepe wa ukindu uliosukwa. Siku ya karamu, aliyeukalia alitajiwa wazee wake.

Mize alipokaa, mkeka ulisema tu, "Karibu, mwana wa Shomari." Mdogo wake wa mama mwingine, Kidawa, aliuamkia kwanza, "Shikamoo, wazee wangu," naye akaimbiwa mababu saba. Mwaka wa pili, saba. Mwaka wa tatu, saba. Kijicho kikamla Mize maini.

"Mama yake kaja juzi tu," akanung'unika. Akachukua kisu, akaufumua ukili wa Kidawa. Lakini ukili hushonewa ubavuni mwa mwenziwe; alipovuta wa mdogo wake, wa baba yao ukafuata.

Karamu ikafika. Mize akakaa kwa madaha.

"Mwana wa nani wewe?" mkeka ukauliza.

"Wa Shomari."

"Simjui."

Kidawa akamshika Mize mkono. "Huyu ni dada yangu."

"Nawe," mkeka ukauliza, "ni nani?"

Ngano yangu nimeikunja. Mwenye kisu akirudishe jikoni.