Jiwe Lililovuka Kijito

Mwenye mwana mgongoni hapigi yowe mpakani.

Wasichana walimsikia mama mmoja akimkanya bintiye kwa maneno hayo, wakamwuliza Bibi Ntakije yametoka wapi. Bibi akasema: Methali hii ilianza hivi.

Katika milima iliyo juu ya Ziwa Tanganyika aliishi Bukuru, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya kijito kilichokuwa mpaka wa vijiji viwili, alikobaki pacha wake wa kiume, Butoyi. Bukuru alizaa akazika, akazaa akazika, hadi akampata Misago. Huyo hakumtua mgongoni, hata akienda kuni.

Asubuhi moja msituni, aliona makundi mawili ya sokwe yamekutana kijitoni. Madume walisimamisha manyoya, wakapiga mashina ya miti na kuguta. Majike wenye watoto walirudi nyuma kimya kimya, watoto wamewaganda vifuani. Jike mmoja tu hakurudi. Alisonga na madume, mwanawe mgongoni, akipiga yowe. Madume wa ng'ambo wakamzingira, wakampokonya mtoto, wakamuua mtoto huyo. Bukuru alirudi nyumbani bila kuni.

Ukame ulipobana, vijiji hivyo viwili vikagombea maji ya kijito kile. Wanaume walishika fimbo na mawe, wanawake wakaitwa kuwatia moyo kwa yowe. Bukuru akabaki jikoni.

"Wenzako wote wameondoka," mumewe, Rusimbi, akamwambia mlangoni.

"Baba Misago, nina mtoto. Niliyoyaona kijitoni nilikueleza."

"Wale ni sokwe. Au unaona haya kuwazomea nduguzo? Watu wanasema roho yako iko ng'ambo."

"Basi ngoja nimwachie mama yako mtoto."

"Mama ametangulia. Twende!"

Alijua hatari yake, na akaenda. Ili asiitwe msaliti alisimama mbele kabisa, akapaza sauti kuwashinda wote. Mawe yakaanza kuruka. Akageuka akimbie. Jiwe likatua mgongoni kwake, wala hakusikia maumivu.

Akaita, "Misago!" Mtoto hakulia.

Aliyerusha ni Butoyi. Alipomtambua alivuka maji, mikono mitupu.

"Dada, sikujua kuwa ni wewe."

"Ulijua ni mtu," Bukuru akasema.

Walimzika Misago jioni ile. Kulipokucha wanaume walirudi kijitoni na fimbo zao. Bukuru hakuzaa tena. Kwa mumewe waliendelea kumwita mtu wa ng'ambo. Na huko ng'ambo, angekwenda kwa nani? Kila ugomvi ulipozuka alisimama njiani, akawashika nguo wanawake waliobeba watoto, akawaambia lile alilolijua. Wengi walijinasua, wakapita. Baadhi yao walirudi wakilia, na hao ndio waliowafundisha binti zao maneno yake:

Mwenye mwana mgongoni hapigi yowe mpakani.